Nani abebe chupa

Miongozo inayoandikwa kwa watalii wanaokwenda Zanzibar inafanana mno linapokuja suala la pombe. Kunywa hotelini au kwenye baa yenye leseni. Usitembee na chupa mitaani. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa chochote hadharani mchana. Ukilewa, usipite mbele ya msikiti ukiyumba (hili naliongeza mimi, lakini lingestahili kuwemo). Yote sawa. Ila ukiyasoma vizuri utaona yanahusu macho tu: Mwislamu asikuone. Mimi jambo hili nimefundishwa na mtu ambaye hajawahi kushika mwongozo wowote, baba yangu, mnywaji mzoefu wa Mpanda.

Kwetu Makanyagio pombe haijawahi kuwa siri. Ipo ya mahindi, ya kwenye ndoo, inayonywewa ingali inatoa povu. Ipo bia kwa wenye mshahara. Na wapo Waislamu, ukuta kwa ukuta na sisi. Jirani yetu mwenye duka ni mtu wa swala tano. Tukiwa na shughuli, iwe harusi au msiba, baba humwita yeye achinje, ili kila atakayekuja ale nyama bila wasiwasi. Hilo ni la kawaida sehemu nyingi Tanzania. Lakini baba ana nyongeza yake: pombe ya shughuli haipiti mikononi mwa watoto wa jirani. Watabeba viti, watachota maji, watamenya vitunguu. Siku moja kijana wao mkubwa aliinama ainue ndoo, kwa nia njema kabisa, baba akamzuia. "Hiyo iache, mwanangu. Siyo yako."

Miaka mingi baadaye ndipo nikakutana na ile hadithi mashuhuri ya Mtume inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Anayeinywa ni mmoja tu kati yao. Wamo pia anayeikamua, anayeimimina, anayeiuza, anayeibeba na anayebebewa. Kwa hiyo ukimtuma dereva Mwislamu akakununulie kreti, hata kama utakunywa chumbani na mapazia umeshusha, umemtwisha jambo ambalo kwake si dogo. Wewe utaona umejificha vizuri. Naye hatakwambia kitu, maana wewe ni mgeni na yeye ana ada ya shule ya kulipa.

Sasa, dada yangu ameolewa Unguja. Alisilimu kabla ya ndoa. Baba hakusema neno, ingawa mama alisema mengi. Januari 2024 baba na mimi tukafunga safari kwenda kumwona mjukuu: treni kutoka Mpanda, Kaliua, Tabora mpaka Dar, kisha boti. Waliosoma Peponi ya Gurnah watakumbuka msafara unaotoka pwani kuja huku bara. Sisi tulikuwa tunaufuata kinyumenyume, na mzigo wetu ulikuwa asali na mchele.

Tulifika wakati mbaya kwa mnywaji. Bia zilikuwa zimeadimika kisiwani baada ya mabadiliko ya vibali vya waagizaji, bei zimepanda, na mwezi huohuo waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Yeye alisema mazingira ya kazi hayakuwa rafiki. Mtaani watu wakaunganisha na uhaba ule, ambao alikuwa ameulalamikia hadharani. Baba alicheka sana. "Kwetu bia ikiisha anajiuzulu mlevi."

Jioni ya pili nilimwona anatazama saa. Shemeji naye aliona. Akachukua funguo za gari: "Baba, wataka kutoka kidogo? Mimi ntakupeleka Mji Mkongwe, ntakusubiri." Kila aliyekuwa pale sebuleni alijua kutoka kidogo ni kutoka kwenda wapi. Baba alishukuru, akasema anataka kunyoosha miguu. Tukapanda daladala pale Mwanakwerekwe, tumebanana, jasho linatutoka. Nikamuuliza kwa nini tuteseke na gari lipo.

"Mkwe wangu anipeleke baa? Akae nje kama mlinzi?"

Tulipata baa ya hoteli upande wa baharini. Mhudumu alikuwa dada wa Tabora. Kazi hizo nyingi zinafanywa na watu wa bara. Baba alikunywa bia mbili, kwa pesa ambayo Mpanda ingenywesha meza nzima. Jirani yetu walikaa wazungu wanne, watulivu, mabega yamefunikwa, sauti za chini. Nje, dereva wao mwenye kofia ya kiua alikuwa anawapakilia katoni ya mvinyo kwenye gari. Sikuwaona kuwa watu wabaya. Mwongozo wao walikuwa wameufuata wote.

Tuliporudi baba hakuingia ndani. Alikaa barazani karibu saa nzima, na mjukuu alipotambaa kumfuata alimpungia tu mkono. Shemeji akatoka na kahawa na maji, akakaa naye, wakazungumza bei ya karafuu na bei ya mpunga.

Sitaki kumfanya baba walii. Zipo siku anazidisha, na mama ndiye anayezijua. Tena heshima yake ina mahali inapokwama. Agosti shemeji alikuja Mpanda. Jirani akachinja mbuzi. Wazee wenzake baba wakaja na ndoo yao, wakaiweka mbali chini ya mwembe, wakasubiri. Shemeji akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kisha akaomba ruhusa akale kwa jirani, maana yeye hakai panaponywewa pombe. Hakukunja uso. Baba akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akakaa na kikombe chake bila kukigusa.

"Ningeiondoa ndoo angekaa," aliniambia usiku. "Lakini na wale ni wageni wangu."

Shemeji anakuja tena Desemba. Baba ameshaanza kupanga siku mbili tofauti, na anauliza mbuzi wa pili atatoka wapi.