Pumzi ya Mtoto na Dawa Mpya

Pumzi ni mali ambayo mwenye afya haihesabu. Huingia na kutoka usiku na mchana bila ya kuombwa, na mtu hulala bila ya kuiwekea mlinzi. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa pumu kali, pumzi huhesabiwa kama fedha ya maskini. Mama husikiliza gizani; hutazama kama ngozi baina ya mbavu yadidimia; hupima kama mtoto aweza kusema maneno matatu bila ya kutweta. Elimu hii haikutoka shuleni. Imetoka kwa hofu, na hofu ni mwalimu asiyetoa likizo.

Yupo mama mmoja wa mjini Unguja ambaye mwanawe, mwenye umri wa miaka 5, alipelekwa hospitali usiku mara nne katika mwaka mmoja, na mara mbili katika hizo alitiwa oksijeni. Shangazi yake mtoto, akaaye Muscat, alileta habari ya sindano mpya iliyompa nafuu mtoto wa jirani yake, akaahidi kutoa gharama. Baba alisita. Alisema kuwa mtoto si shamba la majaribio. Mama alijibu kuwa mtoto si shamba la kungojea mvua pia. Kila mmoja alisema kweli, na hapana shauri gumu kama lile ambalo pande zote mbili zina haki.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizovimba kwa ndani. Misuli inayozizunguka hujikaza, ute huziba nafasi iliyobaki, na pumzi hutoka kwa mluzi. Kwa hiyo dawa zake kubwa ni za namna mbili: ya kufungua na ya kuzuia. Ya kufungua hulegeza misuli kwa dakika chache, nayo hupendwa kwa sababu faida yake huonekana. Ya kuzuia, yenye steroidi, hupunguza uvimbe polepole, siku baada ya siku, hata mtoto anapocheza vizuri. Nayo hudharauliwa, kwa sababu faida yake ni jambo baya ambalo halikutokea. Kumpa dawa mtoto anayelia ni rahisi kwa kila mzazi. Kumpa dawa mtoto anayecheka ndiko kunakotaka imani.

Kila dawa iliyo ya kawaida leo ilikuwa mpya zamani. Mwaka 1955, huko Marekani, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake, George Maison, mkuu wa Riker Laboratories, kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Baba hakulipuuza swali la mtoto, na mwaka 1956 pampu ya namna hiyo ilianza kuuzwa. Pampu ya steroidi ilifuata mwaka 1972. Afrika nayo haikukaa ikitazama. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako na kukazwa pampu pasipo mwanya, huwafaa watoto sawa na chombo cha kiwandani. Anayekataa kila jipya angewanyima watoto wengi pumzi.

Hata hivyo upya peke yake si sifa. Vidonge vya montelukast viliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya nchi ile iliamuru viandikwe onyo kali kabisa juu ya mabadiliko ya akili na mwenendo. Dawa ya kuzuia pia ina deni lake. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto waliovuta budesonide kwa miaka kadhaa, walipokuwa watu wazima, kimo chao kilipungua kwa sentimita 1.2 hivi kuliko cha wenzao wasiopewa. Baba aliishika habari hii kama ngao. Daktari hakuikanusha. Alimwomba tu aiweke sentimita ile katika upande mmoja wa mizani, na usiku wa oksijeni katika upande wa pili. Baba alinyamaza muda mrefu.

Ama sindano ya Muscat ilikuwa ni omalizumab, kingamwili iliyotengenezwa kwa ustadi ili kukamata kitu katika damu kinachoamsha mzio. Marekani iliiruhusu mwaka 2003 kwa wenye miaka 12 na zaidi, na mwaka 2016 kwa wenye miaka 6 na zaidi. Huchomwa chini ya ngozi kila wiki 2 au 4, kwa kipimo kinachofuata uzito na damu ya mgonjwa. Naye huangaliwa baadaye, kwani mara chache huleta mzio wa hatari. Haiondoi pumu. Hupunguza mashambulizi kwa wale inaowafaa, na dawa ya kila siku haiachwi kwa kuwa sindano imeanza.

"Mlango haukufungwa," daktari aliwaambia. "Zamu yake mtoto haijafika. Lakini kabla ya kuufikia, nionyesheni mnavyotumia mlicho nacho."

Walimwonyesha. Pampu ilipulizwa kinywani moja kwa moja, na sehemu kubwa ya dawa ikabaki ulimini na kooni. Dawa ya kuzuia iliachwa kila mtoto alipopata nafuu. Jiko la mkaa lilikuwa karibu na mlango wa chumba, na bibi yake alikuwa akifukiza udi humo kila baada ya magharibi. Chupa ikatobolewa, jiko likahamishwa uani, na saa ya dawa ikafungwa na saa ya kupiga mswaki. Lililobaki lilikuwa kumwambia bibi.

"Na ubani je?" aliuliza.

"Na ubani pia, mama," mkwewe akajibu kwa aibu.

Bibi alikifuta chetezo majivu, akakifunga katika kitambaa na kukiweka juu ya kabati. "Basi," alisema, "tutafukiza siku ya arusi yake."

Katika miezi sita iliyofuata mtoto alipelekwa hospitali usiku mara moja. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini usiku ule mmoja ulitosha kuonyesha kuwa ugonjwa haukuondoka, na kuwa sindano ile yaweza kuhitajiwa. Subira ya mzazi si kukataa, wala hima yake si kukimbilia. Dawa mpya hupimwa vema na yule aliyekwisha kuitumia ya zamani kwa haki yake. Asiyefanya hivyo hawezi kujua ni ipi iliyoshindwa, dawa au mkono ulioishika.

Mama alimwandikia wifi yake Muscat. Alimshukuru, akamwomba aihifadhi fedha ile hata mtoto atimize miaka 6 na daktari apime damu yake. Kisha akaongeza ombi moja dogo: sehemu kidogo ya fedha hiyo itumwe sasa, ili pampu ya kuzuia isikosekane nyumbani hata mwezi mmoja.