Usinunue Kamshafti Peke Yake

Wasee wa Subaru, Kitale hadi Bungoma, tuambiane ukweli: kamshafti kali peke yake ni kujitafutia shida.

Ikiinua valvu juu zaidi, inataka springi zinazoiweza. Zikiwa laini, ukikanyaga mafuta sana valvu inachelewa kurudi na inaweza kugonga pistoni. Zikiwa ngumu kupita kiasi, zinakula kamshafti. Na EJ20 si moja: kuna ya kamshafti mbili na ya nne. Ya hii haiingii kwa hiyo.

Niliacha chuo, lakini hesabu hii siiachi. Kabla utume pesa, uliza: ni ya injini gani, inainua valvu milimita ngapi, inataka springi gani? Muuzaji akisema "itaingia tu", toka hapo. Mahindi ya mzae hayawezi kununua injini mbili.