Shilingi Kumi za Mjomba

Ngaremara iko kando ya barabara ya lami inayotoka Isiolo mjini kwenda Archer's Post, Marsabit hadi Moyale. Kila nikimtembelea mjomba wangu huko huniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Nimemweleza miaka yote: naandika miongozo ya watengenezaji wa programu. Wao hujenga skrini kwa vipande vilivyokwisha andaliwa, kitufe hapa, kisanduku cha kuandikia pale, na mimi huonyesha kila kipande kinavyofanya kazi. Huitikia kwa kichwa, basi.

Safari moja alitaka ajifunze kumtumia mwanawe pesa kwa M-Pesa bila kumwomba mtu. Nilimfundisha asubuhi nzima kwa simu yangu ya kugusa, nikipitia kila kitu kilichomo, kutuma, kutoa, kulipa. Hakuambulia lolote. Tukaenda dukani kwa wakala.

Binti wa dukani hakutoa simu yake. Aliichukua kabambe ya mjomba, simu yake ya vitufe, akaifungua mahali pa kutuma pesa, menyu ikiwa ya Kiswahili, akairudisha mkononi mwa mzee. "Mzee, leo tunatuma tu. Hayo mengine siku nyingine." Akamtajia nambari yake mwenyewe na kumwambia aandike shilingi kumi. Kisha akamwomba jambo lililonishangaza: aweke kwanza nambari ya siri isiyo yake, mara moja tu. Simu ikakataa. Mjomba akayasoma maneno yale polepole, kidole kikifuata chini yake. "Ukiyaona hayo, pesa yako haijaenda popote," binti akasema. "Sasa weka ile yako." Akageuza uso ukutani mpaka mzee akamaliza.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekamilisha onyesho la kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa. Nilikuwa nimelipamba: kalenda inayofunguka, rangi tatu, lugha mbili, vyote ndani ya fremu moja, na chini yake mistari arobaini ya msimbo. Msomaji angejuaje ni mistari ipi iliyo kisanduku chenyewe na ipi ni mapambo yangu? Isitoshe, kalenda ilifungukia mwezi wa leo. Kitambulisho cha mjomba kinasema alizaliwa 1 Januari 1951, kwa kuwa hakuna aliyeiandika siku yenyewe. Ni mwaka tu uliokumbukwa. Kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja hadi 1951 ni kubofya zaidi ya mara 800. Onyesho langu halikumwonyesha mtu wa namna yake hata mara moja, wala halikuonyesha kisanduku kinasema nini mtu akikosea.

Serikali ya Uingereza ina mkusanyo wa vipande kama hivyo, GOV.UK Design System, uliozinduliwa 2018. Tarehe ya kuzaliwa humo huandikwa katika visanduku vitatu vya kawaida: siku, mwezi, mwaka. Kipande huonyeshwa peke yake, na msimbo wake papo hapo chini. Kikiwa na kosa huonyeshwa tena, peke yake vilevile. Nilikuwa nimeupitia ukurasa ule wa tarehe mara nyingi nikidhani usomekaji wake unatokana na ustadi wa wachoraji. Pale dukani nikaona unatokana na heshima: mwenye kuonyesha amekubali kunyamaza kuhusu yote anayoyajua ili mwenzake alishike hili moja.

Jioni nilikaa chini ya mgunga nikafungua kompyuta na kuanza kufuta. Kalenda ikaondoka, rangi zikaondoka. Mistari ya msimbo ikabaki sita. Palipokuwa na maneno ya Kilatini yasiyo na maana, yale tunayojazia nafasi wazi, nikaandika 1, 1, 1951. Chini yake nikaweka onyesho la pili, la mtu aliyejaza mwaka pekee, na maneno anayojibiwa. Maneno hayo yalinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote; niliyaandika upya hadi nikaweza kumsomea mjomba asiulize kitu.

Aliyasikiliza, akarudi kwenye kabambe yake. Alikuwa akimtumia mwanawe mia mbili. Majina ya kijana yalipojitokeza kwenye kioo, aliyasoma kwa sauti, yote matatu, akasubiri ujumbe uingie.