Karakana Iliyoegemea Ukuta wa Msikiti

Apitaye Sekei, akiiacha barabara kuu ya Moshi na kushika vichochoro vinavyopanda kuelekea Mlima Meru, hakosi kuziona karakana za pikipiki. Nyingi hazina jina wala kibao. Mti mmoja, mabati machache, gunia lililotandikwa chini na fundi aliyechuchumaa juu yake; ofisi ndiyo hiyo. Tunayotaka kuisimulia ni ya jirani yetu, iliyoegemea ukuta wa msikiti kwa miaka kadhaa, na ambayo mwaka huu ilifika mbele ya kamati ikiwa ajenda. Baadhi ya waumini walitaka iondoke: oili chafu inamwagwa mtaroni, na injini huungurumishwa watu wakiwa katika sala.

Fundi huyu huitambua pikipiki kwa sikio kabla ya dereva kushuka. Hii inakohoa, husema, na ile imevimbiwa. Akifungua plagi huitazama kama tabibu atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Ikiwa ya kahawia, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi kwa masizi, inakunywa petroli kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni la vumbi letu lililoziba chujio la hewa. Ikiwa nyeupe, inaungua kwa joto. Kijana mmoja alilalamika kuwa cheni yake haidumu. Akaulizwa alibeba nini jana. Abiria wawili, akajibu, na gunia la viazi kutoka Ngaramtoni. "Basi cheni haijakatika," fundi akasema, "imejiuzulu."

Daftari lake la madeni nalo lina mambo. Hawaandiki wateja kwa majina yao, bali kwa maradhi ya vyombo vyao: Klachi anadaiwa elfu nane, Kabureta wa Juu amelipa nusu. Tumewahi kumsikia akimuuliza mtu mzima, mwenye kanzu na kofia, "Shock-up, hujambo? Watoto wazima?" naye akaitika bila kinyongo.

Lakini tusimfanye mchekeshaji tu. Vijana wengi wanaoendesha zile Boxer na TVS kutoka India si wamiliki. Wanazo kwa mkataba, na hesabu hupelekwa kwa tajiri hata chombo kikilala. Siku mbili kwa fundi ni siku mbili za deni, na nyumbani kuna mke anayesubiri unga. Hapo ndipo fundi mbaya humla mtu: hutoa kifaa kizima, hutia kibovu, na mwenye chombo hajui. Jirani yetu hukifunga kila kifaa alichokitoa katika kipande cha gazeti na kumkabidhi mwenyewe, hata kama ni takataka. Sisi tuliosomeshwa chuoni habari za Nabii Daud (a.s.), aliyelainishiwa chuma akawa anaunda deraa na kula kwa kazi ya mkono wake, tuliona si haki habari hii ikosekane katika kikao.

Alipoitwa alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ila mikono ilikuwa ileile. Oili haiogopi sabuni. Tulipompa mkono akatupa kifundo, kama mafundi wafanyavyo, na wazee wote wakakishika kifundo kimoja baada ya kingine. Alisomewa malalamiko, akayakubali yote. Oili chafu itaingia kwenye pipa. Tangu adhana hadi imamu atoe salamu, hakuna injini itakayowashwa. Juu ya kuhama aliuliza jambo moja tu: pikipiki ya ustadhi wa madrasa, ambayo hutengenezwa kwa mkopo usio na tarehe, aihame nayo au aiache? Sisi tulioshika kalamu tulishindwa kujua kicheko cha wajumbe kinaandikwaje katika muhtasari.

Ikaamuliwa abaki kwa masharti, na hali itazamwe tena baada ya miezi mitatu. Pipa limekuja, la bluu, limewekwa mbali na mfereji wa kutawadhia. Uamuzi haukuwa wa wote. Mzee mmoja alipinga hadi mwisho, na kwa haki, kwani nyumba yake ndiyo inayopokea maji ya mtaro ule, na masika hayako mbali. Amesema atakwenda mwenyewe kulitazama pipa kila Ijumaa, na hadi sasa hajakosa.