Bugando Kwanza, Kisha Bukumbi

Basi lilitoka Shinyanga alfajiri. Tulipopita Misungwi na Usagara, miamba ya Mwanza ikaanza kujitokeza, mpaka tukashuka stendi ya Nyegezi. Sikuwa nimewahi kufika huko. Tangu tumzike mama nilikuwa nashtuka saa nane usiku, moyo unaenda mbio, na sala zimenikauka.

Nikapanda kilima cha Bugando, kwenye hospitali ya rufaa ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwanasaikolojia aliuliza huku akiandika: Unalala saa ngapi? Unakula? Umewahi kufikiria kujidhuru? Akanieleza jinsi msiba unavyouchosha mwili, akanifundisha kuvuta pumzi taratibu, akanipa tarehe ya kurudi. Nia yake ilikuwa nipone, nirudi kazini, tuagane.

Kesho yake, nikitafuta mlezi wa kiroho, nikaenda Bukumbi, kando ya ziwa, ambako Mapadre Weupe walifungua misheni mwaka 1883. Sista mmoja mzee alinikaribisha chini ya mwembe. "Pole na msiba, mwanangu." Akanyamaza kitambo. "Ukisali siku hizi, unamwambia Mungu nini?"

"Simwambii kitu, Sista. Nimemkasirikia."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Zaburi ngapi ni malalamiko matupu!"

Hakunipa dawa wala mpango. Katika malezi ya kiroho, mwenye kazi ni Mungu; mlezi anakusaidia kumsikia. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa mwaka 1548, anamtaka mlezi asimvutie mtu upande wowote, bali amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Kwa hiyo hata mwenye afya tele anahitaji malezi hayo, tena kwa miaka. Wala si kitubio: hapatolewi maondoleo ya dhambi, na mlezi anaweza kuwa mtawa au mlei.

Wakati wa kuagana, sista aliuliza, "Bugando wamekupa tarehe gani? Usiache kwenda." Hapo nikamwamini kabisa.

Ndugu msomaji, usingizi ukikutoka au ukiona maisha hayana maana tena, anzia hospitali. Ukitaka kujua Mungu anakuita wapi, tafuta mlezi wa kiroho. Ukiyahitaji yote mawili, nenda kote kuwili bila aibu. Na mlezi yeyote anayekukataza kuonana na daktari, achana naye mara moja.