Mbegu na Kipandikizi

Mhina huzaliana kwa njia mbili, na kila njia ina tabia yake. Ukikata kijiti kwenye mti uliopo, ukakichomeka ardhini kikashika, ulichopata si mtoto wa ule mti. Ni mti wenyewe, umehamia ua mwingine. Rangi ni ileile, harufu ya maua ni ileile, hata miiba inayotokea kwenye matawi yakizeeka ni ileile. Mbegu ni habari nyingine. Panda mbegu za tunda moja, na kila mche utakuja na lake: huu una majani mapana yenye rangi hafifu, ule una majani membamba yanayoshika kucha mpaka zinakaribia weusi, na mwingine unakua polepole lakini kiangazi hakiutishi. Rangi itakayotoa huwezi kuijua kwa macho. Mpaka utwange, upake, usubiri.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mhina nyuma ya nyumba yake hapa Tanga, karibu na kisima. Mtaa mzima uliujua. Siku za kuelekea Idi, na kila kulipokuwa na harusi, wanawake walikuja na vikapu kuchuma, na hakuna aliyetoa hata senti. Bibi alikuwa na sharti moja tu: usichume jani jani kama mwizi, kata tawi. Alijua kwamba mhina usiokatwa hurefuka, ukawa mti mgumu wenye miiba na majani machache, na ukikatwa huchipua upya kwa wingi, machipukizi laini yenye majani mengi. Kwa hiyo waliokuja kuchukua walikuwa pia wanautunza, wajue wasijue.

Nyumba ile iliuzwa, na mhina ukang'olewa ili pajengwe ukuta. Lakini kabla ya hapo matawi yake yalikuwa yamekwenda nyua nyingi, wangu ukiwemo. Ninapochuma leo, ninachuma mhina uleule wa kisimani. Sisemi hivyo kwa kujifariji. Kwa elimu ya mimea ndivyo ilivyo: kipandikizi ni mwendelezo wa mti mmoja, na hakuna siku ambayo mti ule ulikufa.

Kukata kipandikizi kuna adabu yake. Nachagua tawi ambalo si bichi sana wala halijakauka, unene wa penseli, na kulikata vipande vya sentimita 20 hivi. Chini nakata mshazari, chini kidogo ya jicho. Juu nakata sawasawa. Namna hiyo hata mtoto akiletewa fungu hatapanda kijiti kichwa chini. Majani ya chini nayatoa yote, ya juu nabakisha mawili au manne, maana kijiti kisicho na mizizi hakina uwezo wa kunywesha majani mengi. Nusu ya kijiti nafukia kwenye kiriba chenye mchanga uliochanganywa na udongo, nakiweka kivulini, na namwagilia kiasi cha kutia unyevu tu. Maji yakituama, kijiti huoza. Kisha inakuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kukiacha. Kijiti kinaweza kutoa vijani vipya kwa akiba iliyomo mwilini mwake, wakati chini hakuna hata unywele wa mzizi. Anayekivuta kutazama anakata kile ambacho ndiyo kwanza kinaanza.

Mbegu nazo zina ukaidi wao. Tunda la mhina ni kiduara kidogo kama punje ya pilipili manga, likiiva huwa la kahawia, na ukilipasua ndani zimejazana mbegu ndogo zenye pembe. Ganda la mbegu ni gumu. Wanaozipanda huziloweka siku kadhaa, wengine hadi wiki mbili, wakibadilisha maji kila siku, kisha huzichanganya na mchanga ili zisimwagike mahali pamoja, na kuzifunika kwa udongo mwembamba sana. Zinaota baada ya wiki mbili au tatu, na miche yake ni dhaifu, ya kuilinda na jua na kuku. Mche ukisharefuka na kushika ardhi, hauhitaji tena kubembelezwa. Mhina ni mti wa joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 11 haustawi; jua la Januari la pwani yetu halina la kuufanya.

Kwa miaka mingi nimefanya kazi hizi mbili, na nimefikia kuamini kwamba urithi wa binadamu nao uko wa namna mbili, na kwamba sisi tumezibadilisha. Ufundi hupasa kupita kama kipandikizi: mkono kwa mkono, anayepokea akae karibu na anayetoa mpaka ashike mizizi, asipunguze kitu kwa kuwa hajakielewa bado. Mtoto ni mbegu. Ana ya kwake ambayo huwezi kuyajua kwa kumtazama. Lakini tazama tunavyoishi. Ufundi tumeuacha upeperuke, atakayeokota aokote. Watoto ndio tunaotaka wawe vijiti tulivyokata kwenye miili yetu.

Nichukue kwanza la ufundi, kwa sababu lina madhara yanayoonekana kwenye ngozi. Binti wa dada yangu alipokuwa anakaribia kuolewa alikuja kuniambia, kwa heshima zote: “Mama mdogo, nisamehe, hina yako ni nzuri, lakini inatoa wekundu. Mimi nataka nyeusi, ionekane kwenye picha.” Alikuwa anazungumzia piko. Nilimwambia, “Kaa, mwanangu,” nikamweleza nilichokiona mwenyewe kwenye mkono wa rafiki yake, aliyechorwa saluni kwa ajili ya harusi nyingine. Ua lililochorwa nyuma ya kiganja lilikuwa limevimba lote, malengelenge yamejipanga kwa kufuata mstari wa wino, petali kwa petali, hata kikonyo chake. Nje ya mchoro ngozi ilikuwa nzima.

Piko ni rangi ya nywele. Weusi wake unatokana na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo huchanganywa kwa vipimo na kukusudiwa kwa nywele, haikukusudiwa kukaa kwenye ngozi kwa saa nyingi. Mtu ambaye mwili wake umeikataa mara moja anaweza kubaki na mzio huo maisha yote, hata siku akitaka kupaka rangi mvi zake. Hina haifanyi kazi hivyo. Jani la mhina hushikilia rangi yake ndani; likitwangwa na kutiwa kitu kichachu kama ndimu, rangi huachiwa polepole. Rangi hiyo, lawsoni, hujishikiza kwenye protini ya kucha, ngozi na nywele. Ukibandua hina asubuhi utaona rangi ya machungwa tu, na wengi hapo hukata tamaa. Kumbe bado inakutana na hewa, na kesho yake au keshokutwa ndipo hukolea kuwa kahawia iliyoiva. Hakuna njia ya kuikimbiza. Mtu akikwambia hina yake inakuwa nyeusi tii kwa nusu saa, hicho alichoshika si hina.

Haya bibi hakuyajua kwa majina ya kemia, lakini aliyajua. Alitwanga, akatia ndimu na chai ya rangi iliyokolea, akafunika bakuli, akasubiri. Alipaka usiku, akafunga vidole kwa vitambaa, asubuhi akakwangua bila maji na kupaka mafuta ya nazi. Kila hatua ilikuwa na sababu. Aliyejifunza kwake alizipata zote. Aliyeokota njiani alipata mchoro tu, na mchoro ukikaa peke yake hautofautishi jani na sumu.

Kwenye dawa ni vilevile. Bibi alipaka hina kwenye nyayo za waliolalamika moto wa miguu, na katikati ya vidole vilivyoliwa na fungusi. Na kwa hilo la fungusi, maabara zimeona kweli kwamba lawsoni huwadhoofisha vimelea hao. Lakini alikuwa na miiko pia, na nadhani miiko ndiyo sehemu ya ufundi inayopotea upesi zaidi. Hakumpaka mtoto mchanga. Leo madaktari wanajua kwamba wapo watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika nchi zenye malaria, na kwamba hina iliyopakwa mwili wa kichanga mwenye upungufu huo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake kwa hatari kubwa. Kati ya mama mia wanaonunua unga wa hina dukani, sijui ni wangapi wamewahi kuambiwa. Paketi haisemi kama bibi alivyosema.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza hina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya nchi 16, zikiwemo Oman, Yemen na Sudan. Nchi za pwani yetu hazimo katika maombi yale. Nilipopata habari hizo nilifurahi, kisha nikahuzunika, na huzuni yangu haikuwa ya cheti. Nilifikiria nyua. Katika mitaa ambayo zamani kila nyumba ya tatu ilikuwa na mhina, sasa hina ni unga kutoka India, na mwari hajawahi kuuona mti. Maua yake meupe madogo, ambayo jioni hunukisha uchochoro mzima, angeyapita bila kuyajua.

Kuhusu watoto sina hasira, nina shukrani. Binti yangu wa kwanza hapendi hina. Harufu yake humpa kichwa, na tangu mdogo alikuwa akitoroka kinu. Ni fundi wa friji. Vidole vyake vina grisi badala ya wekundu, na shangazi zake walinishauri nimlazimishe walau ajifunze kupamba maharusi, ili ukoo usipoteze jina. Sikumlazimisha. Siku moja nilimtazama akifanya kazi dukani kwa jirani yetu. Kipimo chake kilikuwa kimeshamwonyesha namba, lakini alifunga macho, akaweka kiganja kwenye bomba la shaba nyuma ya friji, akasubiri, akasogeza kiganja chini kidogo, akasubiri tena. Ndipo akasema gesi inapita au haipiti. Bibi alikuwa hivyohivyo na hina: hata ikiwa na rangi nzuri, hakuipaka kabla ya kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yamefungwa. Binti yangu hakumkuta bibi hai. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ningemkata nimpande kama kijiti, ningepata mpambaji asiyependa kazi yake, na lile la kiganja labda nisingeliona kamwe.

Mpwa wangu yule aliyetaka piko alikubali hina. Picha zake zina wekundu, na anazipenda. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba usiku wa kupaka hina hakuletewa bakuli lililokwisha kuchanganywa. Alitwanga mwenyewe, nikiwa nimekaa mkabala naye, akauliza kwa nini ndimu, kwa nini usiku, kwa nini si mtoto mchanga, na nikamjibu moja baada ya jingine mpaka sauti ikanikauka.

Masika yanakaribia, na huo ndio wakati wa kukata. Mhina wangu umerefuka na unataka kupunguzwa. Atakayetaka kipandikizi aje na kiriba chake au kopo lililotobolewa chini, na asiwe na haraka, maana kabla ya kumpa kijiti nitamkalisha kwenye kinu.