Mzee kaambiwa apunguze wanga

Neno "lishe" lina bahati mbaya hapa kwetu. Mwambie mtu wa Manzese kwamba wewe ni mtaalamu wa lishe, anaweza kukuuliza unapikia wapi, maana anayemfahamu yeye ni mama lishe, yule wa wali maharage na samaki wa kukaanga. Nenda dukani useme unataka lishe, utapewa pakiti ya unga wa uji, ule uliochanganywa mahindi, ulezi, soya, karanga na chochote kilichopatikana siku hiyo. Kwa hiyo afisa lishe anaposimama mbele ya watu na kusema amekuja kuzungumzia lishe, nusu yao wanawaza sufuria, na yeye hana habari.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu baba yangu alipogundulika kuwa na sukari. Mzee ni mwalimu mstaafu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nazungumzia mtu asiyejua kusoma.

Mtaalamu wa kwanza aliyemwona alikuwa kijana, shahada yake bado ina harufu ya wino. Mpole, alimwamkia mzee vizuri, shikamoo yote. Kisha akamwambia apunguze wanga, azingatie mlo kamili, afanye mazoezi. Akampa karatasi ya fotokopi, imeandikwa Kiingereza, ina picha za brokoli na tufaha. Dakika tano, mwingine aingie.

Nyumbani tukamuuliza mzee ameambiwa nini. "Nimeambiwa nipunguze wanga," akasema. "Sasa mimi wanga nitawapunguzaje, kwani nimekuwa mganga?" Tulicheka sana. Mzee anajua fika kwamba kuna wanga wa usiku na kuna wanga wa kwenye ugali, ila alipenda utani wake na aliurudia kwa kila mgeni.

Kilichofuata hakikuchekesha. Mzee alichukua "punguza" kwa uaminifu wa kiualimu: akafuta kabisa chakula cha usiku. Ugali hagusi, ndizi hagusi, anakunywa maji analala. Vidonge vya sukari anameza kama alivyoandikiwa. Wiki ya tatu, usiku wa manane, mama alishtuka kumkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani yetu ni muuguzi. Alikuja mbio, akapima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Mzee bado aliweza kumeza, akanyweshwa maji yenye sukari, akarudi duniani taratibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna vidonge vya sukari ambavyo ukivimeza bila kula, vinaweza kukuangusha. Ni sentensi moja tu hiyo.

Tukampeleka kwingine. Huko tulikutana na mama mmoja wa makamo, naye mtaalamu wa lishe. Hakuanza na somo. Alimuuliza, "Baba, jana tangu umeamka mpaka umelala, ulikula nini?" Akanyamaza, akasubiri. Hapo ndipo mimi mwanawe nilipojifunza kwamba kila jioni kijiweni baba anakunywa kahawa na kashata mbili, wakati mwingine tatu. Kashata haikuwamo kwenye ile karatasi ya brokoli. Kisha yule mama akamwita mama yangu aingie, kwa sababu ndiye anayepika. Akakunja ngumi ya baba mezani: ugali uwe kiasi hiki, asubuhi, mchana na usiku usiruke. Nusu ya sahani mboga, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Akamwomba baba amweleze upya yote aliyosikia. Baba, mwalimu, akaeleza kwa mbwembwe, na alipokosea robo moja akasahihishwa.

Ujuzi wa biokemia wa hawa wawili sidhani unapishana sana. Huenda yule kijana anajua zaidi, ametoka darasani juzi. Tofauti ni kwamba mmoja alitaka kujua mtu aliyekaa mbele yake anaishije.

Na hili si la wagonjwa wa sukari peke yao. Chukua "maziwa ya mama pekee" kwa miezi sita. Mama anaitikia ndiyo, anafika nyumbani anampa mtoto maji, na haoni kama amevunja kitu, kwani maji ni chakula? Asipotajiwa maji kwa jina, maji hayamo. Au "utapiamlo". Kwa mtaalamu, mtu mnene kupita kiasi naye ana utapiamlo. Mtaani neno hilo lina picha moja tu, mtoto mwenye tumbo kubwa na miguu ya njiti. Ndiyo maana udumavu unapita kimya kimya: mtoto mfupi wa Iringa anaonekana mzima, anacheza, na amerithi ufupi wa babu yake, wanasema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu. Hiyo ni mikoa inayotulisha sisi mahindi. Sasa nenda kamwambie mkulima mwenye ghala limejaa kwamba mwanawe ana tatizo la chakula. Atakuonyesha ghala.

Mifano mizuri ipo pia. Mtu aliyetunga neno "sumukuvu" kwa ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga alistahili zawadi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na wa kuelezwa kisa hicho hahitaji kamusi: ni sumu, inatokana na kuvu, basi.

Halafu kuna Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba, na mwaka 1935 akauita kwashiorkor. Jina hakulitoa Ulaya. Ni la Kiga, la akina mama wenyewe, likimaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titi mdogo wake alipozaliwa. Akina mama walikuwa wameshajua chanzo. Ilibidi tu atokee mtaalamu wa kuwauliza.

Najua kuna atakayesema foleni ni ndefu. Ni kweli. Yule mama wa makamo alikaa na baba kama dakika ishirini, na nje benchi lilikuwa limejaa, kuna mzee alikuwa anagonga mlango kwa fimbo. Afisa lishe wa wilaya naye ana kata chungu nzima, na pikipiki akibahatika. Ujumbe wake unabebwa na muhudumu wa afya wa kijijini, huyo anamwambia mama, mama anamwambia bibi anayebaki na mtoto shambani kukiwa na palizi. Kama neno la kwanza lilikuwa "makundi ya vyakula", sijui kwa bibi linafika likiwa limekuwa nini. "Mtoto apate yai, na maharage uyaponde" linafika.